Shimo la Choo Lililomuua Mwenye Nyumba Wangu

Wiki iliyopita tulimzika huku Nyahanga mzee aliyenipangisha chumba changu cha kwanza Kahama, na nakiri kwenu wasomaji wangu kwamba nina hasira kuliko machozi. Nyumba yake mwenyewe ndiyo iliyomuua. Jirani walisimamisha apatimenti za ghorofa mbili, kila chumba na choo chake ndani, vigae mpaka ukutani, na wapangaji wa mzee wakaanza kuhama mmoja mmoja. Vyumba vyake sita vya tofali za udongo ndivyo vilivyokuwa vikimlisha. Akaamua naye aweke vyoo vya ndani. Fundi alimwonya kwamba shimo likae mbali na msingi. Mzee akamcheka, ujana wake wote aliumalizia machimboni Geita, leo aogope shimo la choo? Akalichimba mwenyewe, hatua moja tu kutoka ukutani, akalikaza kwa magogo kama wanavyokaza maduara, yale mashimo ya dhahabu. Lakini kule ni mwamba, huku ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaolegea ukilowa, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Ukuta ulimfuata shimoni mchana kweupe. Tulimtoa kwa sepetu, kifua kimepondeka.

Mzee alikuwa mkali jamani, Mungu amrehemu. Enzi zangu pale, bwana wa chumba cha tatu alimpiga mkewe mpaka akamvunja mkono. Mzee aliupiga mlango bega moja, ukang'oka, akamburuta yule bwana hadi uani, akamshushia mchi wa mgongo mpaka akatapika damu. Mimi ndiye niliyemshika yule bwana miguu, sikatai, na wala sijutii. Mzee akasema huku anahema, "Kwangu hapigwi mwanamke. Beba godoro lako uende."

Mwaka huu yule mama aliyevunjwa mkono alirudiana na mumewe, na wao ndio waliotangulia kuhamia apatimenti. Nilimkuta msibani, jicho limevimba, midomo imepasuka. Nikampa pole ya mzee, akaipokea, kisha akaniambia taratibu:

"Juzi nililia sana, kaka. Majirani wakaongeza sauti ya televisheni."



Nyie wenye nyumba kongwe, vigae hamtaviweza, na msijiue kwa kuvifukuzia. Mzee wangu alikuwa na kitu ambacho pale ghorofani hakipangishwi, ila hakujua kama ni mali, kwa sababu sisi tuliolala salama kwake hatukuwahi kumwambia. Kama mwenye nyumba wako ni wa namna hiyo, mwambie leo, kabla hajaanza kuchimba.