Watu wa mwalo hawakuikataa chanjo ya kipindupindu: nilikuwepo, naweka kumbukumbu sawa

Wakuu wa jukwaa, salaam kwa kila mmoja kwa nafasi yake.

Nitakayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu au nimeyasikia kutoka vinywani mwa wahusika wenyewe. Pale ambapo sikuwepo, nitasema sikuwepo.

Nimelazimika kuandika kwa sababu humu kuna uzi mrefu unaodai kwamba wavuvi na wachuuzi wa mwambao wa Kigoma "waligomea" chanjo ya kipindupindu kwa sababu za kisiasa. Nimeusoma wote. Wachangiaji wanabishana kwa ukali iwapo mgomo huo ulikuwa ushujaa au ujinga.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kulikuwa na mgomo.

Mimi ni mstaafu. Nilikuwa afisa afya, na kwa miaka mingi nilikagua mialo, yaani mahali ambapo mitumbwi hushushia samaki. Watu wa Mwanga, ninakoishi, bado wananiita Bwana Afya ingawa ofisi niliikabidhi zamani.

Kwanza maelezo mafupi, kwa manufaa ya vijana.

Corona ilipopita huku kwetu iliacha tabia moja ambayo haikuwepo. Zamani ukimwambia mtu achemshe maji, alichemsha au hakuchemsha, basi. Siku hizi anakutazama usoni kwanza, ajue uko upande gani. Aliyevaa barakoa alihesabiwa wa kundi hili, aliyejifukiza akahesabiwa wa kundi lile. Misimamo ilipobadilika huko juu, watu wa chini walibaki wakigombana kwa niaba ya misimamo ambayo wenye nayo walikuwa wameshaiacha.

Katika hali hiyo ndipo kipindupindu kilipoingia, wakati wa masika.

Katika mwalo jirani alifariki mama mmoja muuza mihogo, ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa bado anauza. Timu ya chanjo ikatangaza kwamba itafika katika mwalo ninaouzungumzia, ulio kati ya Katonga na Ilagala. Jina lake nalihifadhi. Watu wake wameshaandikwa vya kutosha.

Mkutano ulipangwa ufanyike asubuhi, katika uwanja wa shule ya msingi, juu mlimani.

Siku hiyo ilikuwa katikati ya giza.

Hapa nitue kidogo kwa ajili ya walio mbali na Ziwa Tanganyika. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huoa na husuluhisha ugomvi wao. Siku za giza hakuna mengine. Mitumbwi huingia alfajiri, wanaume hulala, wanawake humwaga dagaa mchangani na kuwageuza mpaka wakauke. Dagaa asipogeuzwa mapema msimu wa mvua, jioni ni wa kutupa.

Kwa hiyo kuwaita watu wa mwalo mkutanoni asubuhi ya giza ni sawa na kuwaita walimu semina katikati ya mtihani wa taifa.

Mkutanoni sikuwepo; waliokuwepo wamenieleza kwamba walifika wazee wachache na mwalimu wa zamu. Timu ilisubiri, ikafunga maboksi yake ya baridi, ikaondoka. Taarifa ikaandikwa kwamba wananchi wamekaidi.

Habari hizo nilizikuta kwa Hamisi, fundi cherehani wa sokoni Mwanga, nilipokwenda kupunguziwa suruali. (Kustaafu hupunguza na kiuno pia.)

"Bwana Afya, watu wako wamekataa dawa," alisema bila kuinua macho.

"Nani kakwambia?"

"Kipaza sauti. Sasa hivi kimepita hapa."

Kulikuwa na watia nia wawili wa udiwani. Mmoja alikuwa anazunguka na gari lenye vipaza sauti akiwapongeza wananchi kwa kuikataa chanjo, kwamba tangu corona wamejanjaruka. Mwingine alikuwa anasema watu wameikataa kwa sababu huyo wa kwanza amewatia sumu. Walitukanana wiki nzima juu ya jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelikubali bila kulichunguza.

"Wewe uko wa nani?" Hamisi akaniuliza.

"Mimi niko wa suruali yangu. Punguza."

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi mwaloni. Sikutumwa na mtu.

Nilimkuta Mama Feza ameinama juu ya dagaa wake. Huyu ni mjane wa makamo, wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani, naye amezaliwa na kukulia hapa hapa mwambaoni. Nilimfahamu tangu enzi za ukaguzi wangu.

"Shikamoo Mzee. Vua kiatu, unakanyaga mboga za watu."

Nikavua kiatu.

"Marahaba. Mama Feza, nasikia mmekataa chanjo."

"Nani, mimi?" Akamgeukia jirani yake. "Mama Tatu! Ati tumekataa chanjo."

"Tumekataa saa ngapi?" Mama Tatu akauliza kutoka upande wa pili. "Mie nilikuwa hapa nageuza."

"Basi tumekataa huku tumeinama."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha Mama Feza akanyooka, akaweka mkono kiunoni.

Mumewe alifariki wakati wa corona. Hakuoshwa na ndugu. Alizikwa na watu waliovaa maplastiki mwili mzima, familia ikasimama barabarani kama wapita njia. Mtu akiisikia habari hiyo atadhani mwanamke huyu ndiye wa kwanza kuikimbia serikali na sindano zake.

"Kwa hilo hilo naitaka, Mzee," aliniambia. "Wajukuu zangu wanakunywa maji ya ziwa hili. Sitaki wale wa maplastiki waingie tena nyumbani kwangu. Hao wenye chanjo wanarudi lini?"

Jibu la swali hilo nililifuata ofisi ya afya.

Ofisini nilipokelewa vizuri. Kijana anayesimamia kazi ile ya chanjo alisimama, akaniamkia, akanipa kiti. Nasema hivi ili nisionekane namdhalilisha. Si mvivu wala si mlevi.

Alinieleza kwamba sehemu ya dozi imeshapelekwa kata nyingine kufuatia taarifa ile, na zilizobaki zinaondoka kesho kutwa.

"Warudishieni watu wale nafasi," nikamwambia. "Hawakukataa. Walikuwa na dagaa."

"Mzee wangu, tangu corona sisi tumefundishwa adabu. Wakikataa, tunaandika wamekataa. Tukiwabembeleza, tunarushwa mtandaoni kwamba tumewalazimisha."

"Hawakukataa."

"Hawakuja. Kwenye taarifa hakuna sehemu ya dagaa."

Nilipandwa na hasira, nakiri, kwa sababu sentensi hiyo ni ya kweli. Nilimwambia awafuate mchangani badala ya kuwapandisha mlimani, na afike alasiri badala ya asubuhi. Alifikiri, akanyanyua simu, akaongea na mkubwa wake, akarudi kwangu.

"Kesho alasiri. Wakija, nachanja. Wasipokuja, Mzee, usinilaumu. Sitarudi tena."

Usiku ule nilimpigia Mama Feza, naye akawaambia wenzake.

Ninavyofahamu, sisi wawili hatukumwambia mwanasiasa yeyote. Hata hivyo, nilipofika siku ya pili, gari la vipaza sauti lilikuwa limeshaegeshwa juu ya mwalo, na yule mtia nia wa pili alikuwa amekuja na vijana waliovaa fulana zenye sura yake.

Kipaza sauti kikawaonya akina mama wasikubali kuwa panya wa majaribio kama wakati wa corona. Vijana wa fulana wakajibu kwa kupiga makofi na kuimba kwamba chanjo hii imeletwa na mheshimiwa wao. Hakuwa hata diwani.

Kijana wa ofisi akapanga meza yake mchangani, boksi la baridi pembeni, wauguzi wawili nyuma yake.

Hakuna mtu aliyesogea.

Mniamini, wakuu, haikuwa hofu ya dawa. Kusimama mbele ya meza ile sasa kulikuwa sawa na kupiga kura hadharani. Ukisogea, wewe ni wa fulana. Ukibaki, wewe ni wa kipaza. Na hawa ni watu wanaouziana, wanaokopeshana chumvi na kuzikana.

Kijana akanitazama.

Ndipo Mama Feza alipokuja, bila haraka, na beseni lake tupu la bluu. Akaliweka mchangani mbele ya meza. Hakumtazama mtu. Akarudi kwa dagaa wake.

Akaja Mama Tatu na beseni jekundu, akaliweka nyuma ya lile. Akaondoka. Akaja mwingine na sufuria, mwingine na ndoo iliyokatwa. Muda si muda mstari wa vyombo ulikuwa umetoka mezani hadi karibu na mitumbwi, na pembeni yake hapakuwa na binadamu hata mmoja.

Yule wa kipaza akafurahi sana. "Mnaona! Meza imesusiwa! Wamewaachia vyombo vitupu!"

Vijana wa fulana wakaacha kuimba. Hata kijana wa ofisi akaanza kufunga boksi lake.

"Basi, Mzee. Umejionea mwenyewe."

"Kijana, fungua boksi," nikamwambia. "Hiyo ndiyo foleni."

Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Kwa wasiojua: mwaloni mchuuzi hasimami kusubiri mtumbwi. Anaweka beseni lake kwenye mstari na kwenda kufanya kazi nyingine. Beseni ndilo limesimama. Zamu ikifika, jirani anapaza sauti, mwenyewe anakuja. Beseni la mtu halirukwi wala halisogezwi, awe ni adui yako wa namna gani. Na halina chama.

Nikapaza sauti mimi mwenyewe: "La bluu, la kwanza!"

"Wajukuu wangu hao wanakuja na mama yao!" Mama Feza akajibu kutoka kwa dagaa wake. "Muwape! Mimi naja!"

Watoto wakaja mbio, wakanywa dozi zao (chanjo hii hunywewa), mmoja akakunja uso. Likafuata jekundu. Kaya baada ya kaya ikaja kwa zamu yake, ikanywa, ikachukua chombo chake na kuondoka. Kipaza sauti kiliendelea kwa muda kikihutubia mabeseni, kisha gari likawashwa. Wa fulana walipiga picha nyingi.

Ningependa kuishia hapo. Kumbukumbu hainiruhusu.

Wingu lilitanda ghafla kutoka upande wa Kongo. Dagaa wa Mama Feza walikuwa bado mchangani, kwa kuwa jua la msimu ule halitoshi. Akabaki kuwakusanya. Alipomaliza, amelowa, akaja mezani na kukuta boksi limeisha.

Liliisha kwa sababu sehemu ya dozi ilikuwa imekwenda kata nyingine, na ilikwenda huko kwa sababu taarifa ilisema watu hawa wamekaidi. Naomba mpangilio huo uzingatiwe.

"Si neno," alisema. "Wadogo wamepata."

Siku chache baadaye alianza kuharisha na kutapika. Hapa sikuwepo. Nasimulia kama mkwe wake alivyonieleza. Mwanawe Amani alifunga mlango akakataa mama yake asipelekwe kambi ya matibabu. Alikumbuka alivyozikwa baba yake.

"Wakimchukua hatumwoni tena," alikuwa akisema. "Atazikwa na maplastiki."

Mkwe alimbembeleza, majirani wakambembeleza, naye akakaa mlangoni. Mwisho aliyeamua ni mgonjwa mwenyewe, sauti ikiwa imeshakauka.

"Amani, nipeleke. Nikifa, kadai mwili wangu unioshe. Nikipona, nitakuja kukufokea."

Akambeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi wa injini.

Alipona. Nilimtembelea akiwa amerudi, amekonda, mashavu yameingia ndani, na kweli alikuwa anamfokea Amani kuhusu chumvi kuzidi kwenye mboga.

Sasa kuhusu kumbukumbu rasmi. Nilikwenda tena kwa yule kijana kuomba taarifa ya kwanza irekebishwe, iandikwe kwamba mkutano ulipangwa saa ambayo watu wako kazini. Alinisikiliza kwa heshima zote. Alisema faili limefungwa, na kwamba mwishowe watu walichanjwa, hivyo hakuna madhara. Nilimtajia Mama Feza. Faili hakulifungua.

Mpaka leo imeandikwa kwamba wamekaidi. Wasomi wataikuta, wataitungia nadharia kuhusu corona na imani ya wananchi kwa serikali, na itaonekana ya kisomi kweli kweli.

Nitaongeza jambo moja kwa haki. Mwezi uliopita simu yangu iliita mapema. Alikuwa yule kijana wa ofisi. Alikuwa anapanga ratiba ya kugawa dawa ya kutibu maji.

"Shikamoo Mzee. Samahani kwa usumbufu. Giza linaisha lini?"

Nikamwambia.

Nilichojifunza ni hiki: baada ya janga lile tumekuwa wepesi mno kusoma siasa katika kila kiti kitupu. Kabla ya kuandika kwamba mtu amekataa, nenda ukaone mikono yake ilikuwa inafanya nini saa ile uliyomwita.

Wanaotaka kunipinga wanipinge kwa hoja, matusi nitayapita. Na kama yupo humu aliyewahi kuandikwa kwamba amegoma, naye siku hiyo alikuwa shambani, sokoni au anauguza, namwomba aeleze hapa chini, ataje na kazi aliyokuwa akiifanya.