Upondo wa Mjomba

Tope la mto Malagarasi likianza kukauka lina harufu ya samaki na mafunjo yaliyooza, na mimi nikiisikia harufu hiyo popote, damu inanichemka. Shule niliishia darasa la nne. Nyumba yangu hapa Mpanda nimeijenga kwa mikono hii, sikuachiwa urithi na mtu, basi nisifundishwe uungwana. Kiangazi kimoja, nikiwa mtoto, mama alinitoa Kasokola kwenda kwa kaka yake, mjomba wangu, kwenye visiwa vya mtoni, mpakani na Burundi. Kisiwa chetu kilikuwa na shamba la maharage, na katikati yake kaburi la bibi, mama yao, ambaye mwenyewe alitaka alale pale. Mama alikwenda kulipalilia kaburi hilo. Kumbe ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Watu wa huko walikuwa na desturi yao. Maji yakipungua, mtu mmoja kutoka kila upande alipanda mtumbwi mmoja, wakapima mikondo miwili inayozunguka kisiwa kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mkondo wenye kina zaidi ndio mpaka, na kisiwa ni cha walio upande wa mkondo wa kina kifupi. Mwaka ule mto ulikuwa umechimba upande wetu. Mjomba alizamisha upondo, ukalowa karibu wote. Mpimaji wa Burundi, aliyemuoa mdogo wa mama na mjomba, akacheka: "Shemeji, umeingiza kwenye shimo la kiboko! Pima tena, sogea kidogo." Nyie mnaosoma, mnaelewa? Mtu anakupa kisiwa mkononi! Mjomba akajibu, "Maji hayana shemeji," akatia mtumbwi ufukweni. Maharage yalikuwa yameshaanza kukauka. Mama akamvaa palepale: "Na mama je? Umempa nani mama yetu?" Mjomba akakung'uta tope miguuni. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Huyu bwana aliipima, akaona nyepesi.

Siku hizi mpaka una askari na karatasi, desturi ile imekufa. Mwaka jana nilikwenda na gari langu mwenyewe, nikasimama ukingoni, nikaona mihogo ya watu imefunika kisiwa chote. Mama amekufa bila kuling'olea jani kaburi lile tena. Na mjomba? Anaishi kwangu, anakula kwangu, mimi ndiye ninayemnunulia dawa. Juzi nilimwambia usoni: "Ningekuwa mimi, ningepima tena." Mzee akatafuna taratibu, akasema, "Miaka minne kabla ya hapo upondo ulisema kisiwa ni chetu. Wao walikuwa na mihogo michanga humo. Wakang'oa wakaondoka, wala hawakuniomba nipime tena. Wewe ulikula maharage ya kisiwa kile, mwanangu, hukuuliza shamba lilipatikanaje." Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: maharage nilikula kweli. Nikasukuma sahani, nikatoka nje na hasira zangu zote, sijui nimpelekee nani.