Nyangwine Asoma Nyayo za Gati

Nyangwine wa kijiji cha Itiryo hakujua kusoma barua, lakini nyayo alizisoma. Ng'ombe wakiibwa, yeye ndiye aliyetangulia mbele ya wanaume, macho chini, akisema huyu dume ana ukwato uliopasuka, huyu mwizi amechoka. Mimi nilimwona mshamba tu. Nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na miwili, mwaka 1975, na mchakamchaka wa shule ulikuwa mkononi mwangu.

Mpwa wake, Gati, alikuwa ananiharibia mstari kila asubuhi. Anajikwaa pasipo na jiwe, anampamia wa mbele yake, anaanguka. Na darasani ana kichwa chepesi, jamani, hesabu anamaliza wa kwanza! Ndiyo maana nikaamini ananidhihaki. Nikamchapa. Alipoanguka tena nikamwambia arudi kwao mpaka ajue kutembea. Baba yake alifurahi: basi, akachunge ndama.

Kesho yake Nyangwine akaja shuleni, kamshika Gati mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Mwagia uwanja maji."

Kuitwa mura, kijana, mbele ya wanafunzi wangu! Nilichukia, lakini nani angembishia? Uwanja ulipolowa akawapitisha watoto watatu, mmoja mmoja, kisha Gati, mara tano, mpaka akaanguka. Akachuchumaa na kijiti, akapima hatua baada ya hatua. Nusu saa nzima! Nikamkumbusha kwamba watoto wana vipindi.

"Njoo uone," akasema. "Hawa watatu, hatua zao zinafanana. Kiwete naye huchechemea vilevile, mguu uleule. Anayeigiza hurudia igizo lake. Sasa tazama za Gati. Hii ndefu, hii fupi, hii imekwenda pembeni. Hakuna mbili zinazolingana. Na hapa, kabla hajaanguka?"

Nikainama. Vidole vya miguu vilikuwa vimeuchimba udongo, vyote kumi.

"Anaishikilia ardhi asianguke," akasema. "Huyu anatumia nguvu kuliko wote unaowasifia."

Aibu ilinishika, sifichi. Nikamwita Gati, nikamwambia kesho nafasi yake ipo, mstarini na darasani, na kwa baba yake nitakwenda mwenyewe.

"Nitembee vipi, mwalimu?" akauliza.

"Utembee unavyotembea."

Akaitazama mikono yangu kwanza, yote miwili, kama ina fimbo. Haikuwa nayo. Ndipo akaniamini.