Ng'ombe wa Kuazima

Nakumbuka siku moja kwenye mashine ya kusaga pale Msanzi. Wanaume walikuwa wamekalia magunia wakisubiri zamu, nami nikapita na bahasha yangu kwapani. Mmoja akaniita. "Mshikaji, ni kweli unaomba chuo ng'ambo, tena cha pwani ya bahari?" Nikasema ni kweli. Wakacheka. "Bahari gani? Juzi tu hapo ziwani Kipili ulitapika kabla boti haijaondoka." Mwingine akaapa kwamba mtoto wa Desderi akipanda ndege, yeye atatembea kwa magoti mpaka Sumbawanga. Mwanangu, ndege nilipanda, na magoti yake mpaka leo ni mazima. Sikumdai.

Nina haki ya kujisifu. Diploma yangu ya ufundi wa majokofu imening'inia ukutani ofisini kwangu mjini, na ukikuta samaki wa Kipili sokoni bado ana macho maangavu, ujue barafu ile imetoka kwenye mashine niliyoifunga kwa mikono hii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini umekuja kuniuliza jinsi ya kuomba chuo cha nje, na siwezi kukusimulia nusu. Nusu moja inang'aa. Nusu ya pili inanuka, nayo ndiyo itakayokufaa.

Chuo kile kilikuwa cha serikali ya nchi ile, kimejengwa ukingoni mwa bahari, kikifundisha mambo ya samaki na namna ya kuwahifadhi. Kilipokea wageni, ila mgeni alitakiwa aonyeshe kwamba kwao kuna mtu wa kumlipia. Wenzangu walituma karatasi za benki. Sisi hatukuwa na akaunti. Nikaandika kuuliza, wakajibu kwamba mali ya mzazi inakubalika, mradi iwe imekaguliwa na kugongwa muhuri wa serikali. Mali ya baba ilikuwa ng'ombe wanne, na mmoja wao, dume jekundu, alikuwa amemnunua juzi kwa bei ya kutupa kutoka kwa wapita njia waliokuwa wakishuka bonde la Rukwa.

Unajua desturi ya kwetu. Wakati wa kulima tunaazimana maksai, wakati wa kuvuna tunaazimana mikono, na pombe ya ulezi ndiyo ahsante. Basi baba alipopita nyumba kwa nyumba akiomba kila jirani alete ng'ombe wake walale zizini kwetu, ili afisa mifugo akija kukagua awakute, hakuna aliyeona ni jambo geni. Mama Gaudensia, mjane tuliyepakana naye shamba, alileta maksai wake wawili, ndio wote aliokuwa nao.

"Wachukue," akamwambia baba. "Ila uwafundishe wasimwambie huyo afisa kwao ni wapi."

Tulicheka sana siku ile.

Aliyekataa ni mmoja tu, Mzee Nikodemu, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote. Alikuja mikono mitupu, akaegemea nguzo ya zizi, akasikiliza.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Huyu mwekundu anakohoa tangu lini?"

Baba akasema ni vumbi la njiani.

"Kikohozi cha vumbi hakiwi kirefu hivyo, Desderi. Wangu hawalali na huyu." Kisha akanigeukia. "Nawe, kijana, nguo ya kuazima haisitiri matako. Huko uendako watakuja kukuvua."

Nilikuwa na haraka ya ujana. Nikamjibu kwamba kama hataki nisome aseme tu. Alinitazama, akavuta koti lake, akaenda zake. Hajafika mbali nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwapo, "Hicho ni kijicho." Kwetu Ufipa neno hilo si dogo, mwanangu, hukaa jirani na uchawi. Ukilitupa, huwezi kuchagua litakapoangukia.

Pikipiki ya afisa mifugo ikapata pancha, naye akachelewa. Ng'ombe wakalala kwetu siku nyingi kuliko tulivyopanga, wamebanana pua kwa pua. Alipofika alihesabu, akaandika, akampa baba mkono wa hongera, na mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Wote wawili waliamini walichokiona. Nikapeleka karatasi ile mjini, nikaituma chuoni, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu ambaye tayari amevuka bahari.

Mvua zilipokaribia, yule mwekundu akafa. Baba na mimi tulimfukia nyuma ya shamba, na walioulizia tukawaambia tumemuuza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini sisi tulidhani kifo nacho kinafichika. Baada ya hapo maksai wa Mama Gaudensia wakaanza. Nilimwona mmoja amesimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anatafuta hewa kwa kinywa wazi, na mama yule amekaa chini karibu naye anampepea kwa kanga. Ugonjwa ukaingia kila nyumba iliyotuazima. Daktari wa mifugo alisema ni homa ya mapafu, hupita kwa pumzi ng'ombe wakikaa pamoja. Mnada ukafungwa. Mvua ikanyesha, ardhi ikalainika, na hapakuwa na maksai wa kuvuta jembe. Mama Gaudensia alilima kwa mkono. Aliweza kipande tu, kingine kikabaki majani.

Ndipo watu wakaanza kuuliza kwa nini ng'ombe wa Nikodemu wanatembea wazima.

Kikao kiliitishwa uwanja wa shule, mtendaji akiwa mbele. Kijana mmoja wa pale mashineni akasimama. "Mzee, tusizungushane. Wetu wamekwisha, wako wananenepa. Una dawa gani?"

"Dawa yangu ni kwamba hawakulala kwa Desderi," Nikodemu akasema. "Mwulizeni habari ya mwekundu."

Watu wote wakatugeukia. Mwanangu, jibu la chuo lilikuwa bado halijaja. Kumtaja mwekundu ilikuwa kuanza kueleza kwa nini ng'ombe wa watu walilala kwetu, mbele ya mtu yule yule aliyegonga muhuri. Baba akaniangalia. Ilikuwa kama ananiuliza, na mimi nikatikisa kichwa. Baba akasimama, akasema kwetu hakukuwa na ng'ombe aliyekohoa.

Siku hazikupita nyingi nyumba ya Nikodemu ikachomwa. Yeye aliokolewa kwa mlango wa jikoni, ameungua mkono. Binti yake alikuja kumchukua akampeleka kwake Mwimbi. Nilisimama kando ya njia walipopita. Nikodemu aliniona. Mimi sikumwamkia.

Barua ya kukubaliwa ilifika wakati mahindi yanachanua. Baba aliuza shamba letu zuri ili nipate nauli na ada ya kuanzia, nami nikaondoka baada ya mavuno. Chuo kilikuwa na nafuu ya ada kwa wanafunzi wa kigeni waliotoka familia maskini, na mimi niliitegemea hiyo nimalizie shahada. Nikaenda kuiomba. Mama mmoja wa ofisini, mpole kabisa, akafungua faili langu, akaikuta karatasi yenye muhuri wa kwetu. Akaniambia, "Baba yako ni tajiri wa mifugo. Mwambie auze wachache." Ningemwambia nini? Kwamba ng'ombe wale ni mifupa? Kwamba wakiwa hai hawakuwa wetu? Hapo ndipo nilipovuliwa, kama mzee alivyosema.

Ndiyo maana nina diploma, si shahada. Nilihamia kozi fupi, nikaosha makreti ya samaki bandarini huku vidole vimekufa ganzi, nikamaliza. Wenzangu waliokuja na pesa za wazazi wao wengine walishindwa njiani. Mimi sikushindwa. Baba alifariki nikiwa huko, na sikuja kumzika kwa kukosa nauli. Nilibaki nikifanya kazi kwenye maghala ya barafu mpaka nilipoona kwamba nikirudi Msanzi, sitaingia nyumba yoyote nimeinamisha kichwa kwa deni.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Niliporudi nilinunua ng'ombe wazuri, waliochanjwa, nikapita nao nyumba zote zilizotuazima, na kila nyumba nikaeleza habari ya mwekundu kabla ya kukabidhi kamba. Wengine walinitukana, wakapokea. Mama Gaudensia, amezeeka, alishika pembe za maksai wake wapya, akasema, "Nilimsikia akikohoa siku ile ile. Nikaona haya kumwaibisha baba yako. Na kwenye kikao nilikuwapo, mwanangu. Mimi pia nina mdomo, na sikuufungua."

Jioni hiyo hapakuwa na mtu Msanzi anayenidai hata ndama. Waliosema sitaweza walikuwapo, waliona. Najivunia siku ile kuliko diploma.

Kesho yake nikaenda Mwimbi na mtamba mmoja, mzuri kuliko wote. Mzee Nikodemu alikuwa amekwisha kuzikwa zamani. Binti yake alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imejaa unga, hakunikaribisha kiti.

"Baba hakukuazima ng'ombe," akasema. "Mrudishe kwenu."

Nikamrudisha.

Basi, mwanangu, omba chuo. Omba cha mbali kabisa ukitaka, na wakikucheka waache wacheke, kicheko hakimzuii mtu kupanda ndege. Ila wakikuuliza kwenu mna nini, andika mlichonacho, hata kama ni kuku. Umaskini ulioandikwa kwa ukweli unaweza kukutafutia msaada. Utajiri wa kuazima utakudai wewe na majirani zako. Na mzee akikuambia mnyama wako anakohoa, kwanza sikiliza kifua cha mnyama, hasira itakungoja. Zaidi ya yote, usimwache mtu abebe jina baya ili wewe ubebe cheti. Ng'ombe hulipika. Hilo lingine nimelitafutia bei, sijaipata.

Nenda kwa amani. Mungu akufungulie mlango wa huko, na asiache hata mlango mmoja wa hapa ufungwe kwa ajili yako.