Kibuyu cha Mama Mkwe

Enzi za Mjerumani, Mmeru mwenye adabu hakumtazama mama mkwe wake usoni. Sadoki wa Kikwe alizidisha: akisikia kikohozi chake tu, anaingia migombani.

Sasa mfikirie mtu huyo siku alipoambiwa abebe mkojo wa mama mkwe huyo! Nashilu, mama mkwe mwenyewe, alikuwa amevimba miguu hata kisimani hafiki, na daktari wa misheni aliagiza apelekewe mkojo wa asubuhi aupime. Penina, mkewe Sadoki, alikuwa amejifungua juzi tu. Akamkabidhi mumewe kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba, naye akakipokea huku ametazama pembeni.

Karibu na Tengeru akakutana na wanaume wa rika lake.

"Pombe yote hiyo peke yako, Sadoki?" Mmoja akanyoosha mkono aonje.

Sadoki akatimua mbio hadi mtoni, akamwaga kila kitu. Kisha akakumbuka kwamba daktari anasubiri. Akaingia kichakani, akakijaza kibuyu yeye mwenyewe. Aibu ilikuwa imemla akili, hakuna namna nyingine ya kulieleza jambo hilo.

Daktari aliumimina mkojo katika kichupa, akakipasha moto. Ukaganda, mweupe kama ute wa yai.

"Figo za mama huyu zinaumwa," alisema. "Asile chumvi. Kila mwezi ukiandama, niletee tena. Weupe huu ukizidi kupanda, hataishi miaka mingi."

Sadoki akashika ukingo wa meza. Kope zake zilivimba kila asubuhi, naye siku zote aliusingizia moshi. Hata hivyo, nyumbani akayarudia maneno ya daktari: mama anaumwa figo.

Nashilu hakulia. Alimwita Penina. "Mwambie mkwe wangu, ndama mweusi ni wake. Amenibebea aibu yangu mchana kweupe. Mwanangu wa kumzaa asingeweza."

Ndama akaletwa. Sadoki alishindwa hata kuishika kamba yake. Akaenda nyuma ya nyumba ya mama mkwe, akasimama karibu na ukuta.

"Mama, nimekukosea. Mkojo wako niliumwaga. Ulioganda ni wangu."

Ndani, Nashilu akasogea karibu na ukuta.

"Kesho asubuhi niletee wako," Nashilu akajibu. "Nitaupeleka pamoja na wangu."

Asubuhi Nashilu akaondoka kweli, miguu imevimba vilevile, akipumzika kila baada ya hatua chache, mkono mmoja mkongojo, mwingine vibuyu viwili. Sadoki akamfuata kwa mbali. Huko Tengeru wanaume walewale wakauliza, "Mama, umetubebea nini?"

"Mkojo," Nashilu alijibu, na sauti yake ilifika hadi kwa Sadoki. "Huu wangu, huu wa mkwe wangu. Figo zake zinaumwa. Nipisheni."

Wakampisha. Sadoki akajifunika shuka usoni, akapita katikati yao akilia.