Kompyuta ya Zumreta na Mlango wa Mchana

Shangazi Zumreta ameshona viatu miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mji wetu, na ukimpa kipande cha ngozi akiwa amefumba macho atakwambia ni cha ndama au cha ng'ombe mzee. Kilichomshinda ni kompyuta. Aliachiwa na marehemu mumewe, ina miaka kumi na tatu, na ukiiwasha unaweza kwenda sokoni, ukanunua vitunguu, ukagombana na muuzaji na ukarudi kabla haijaamka.

"Niwekee ule mfumo wa watu waoga," aliniambia.

"Nani kakwambia habari za watu waoga?"

"Wakili wa chama cha wafanyakazi. Kasema diski nzima ifungwe kwa maneno ya siri, mtu akiiba mashine asione kitu. Na wewe si ulisomea mambo ya umeme kule chuoni Tuzla?"

"Nilisomea nusu, shangazi."

"Basi niwekee hiyo nusu. Iliyobaki nitamalizia mwenyewe."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Ndani ya mashine ile kulikuwa na maelezo ya wanawake kumi na mmoja wa kiwandani: nani alizimia kwa harufu ya gundi, siku gani, nani alirudishwa kazini kabla hajapata nafuu. Kila maelezo yana jina kamili. Mkaguzi wa kazi angekuja mwezi wa tano. Jina likimfikia msimamizi wa kiwanda kabla ya hapo, mwenye nalo angekiona cha moto. Wanawake wote walimpa Zumreta maelezo hayo kwa sharti moja, kwamba hayatatoka kwake.

Nikahamishia maelezo na picha za mumewe kwenye flashi moja, nikachomeka nyingine yenye mfumo mpya, nikafuta diski yote. Mfumo wenyewe mwepesi, kile kikongwe kikaanza kukimbia. Ilipofika zamu ya kuchagua maneno sita ya siri, nikageukia ukuta.

"Usiweke jina la mwanao wala la mtaa."

"Nyamaza, unanichanganya."

"Ukiyasahau, hakuna fundi duniani atakayekufungulia. Hata mimi."

"Afadhali. Mdomo wako wewe ndio hauna kufuli."

Nikarudisha maelezo na picha kwenye mashine, nikaifuta ile flashi, kisha nikamweleza mara tatu: kufuli hili hufanya kazi mashine ikiwa imezimwa. Ukiinuka kitini, izime. Akaitikia kila mara. Lakini kuna jambo ambalo sote wawili hatukulifikiria, na aliyeutengeneza mfumo ule huko kwao hakulijua kabisa. Kwetu mlango wa mchana haufungwi, na jirani habishi hodi.

Jumamosi hiyo aliingia Hasija wa ghorofa ya chini, kama anavyoingia kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Hasija ni shemeji wa yule msimamizi wa kiwanda. Zumreta alikuwa mezani, mashine inawaka. Akamkalisha mgeni, akaenda jikoni kusaga kahawa na kuichemsha. Kahawa yetu haiharakishwi.

Jumatatu, Fadila, mmoja wa wale kumi na mmoja, aliondolewa kwenye cherehani akapelekwa chumba cha gundi. "Si wewe unayeumwa kichwa kila Alhamisi?" msimamizi alimuuliza. "Hebu tuone huku utaumwa lini." Hiyo Alhamisi Fadila hakuwa ameitaja popote ila kwenye maelezo yake.

Zumreta akanijia juu. "Mfumo wako mbovu!"

Nikaukagua. Haukuwa na kasoro. "Shangazi, nani alikuwepo mashine ikiwaka?"

"Hasija. Nilikuwa nachemsha kahawa."

"Ungeizima."

"Mbele ya mgeni? Nimwambie nini, kwamba namwona mwizi? Mama yangu angefufuka anizabe kofi."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nikautazama mkono wake uliokuwa ukisugua meza mahali palipokuwa safi tayari, nikaumeza mzaha wangu.

Jioni ile alianza kuzunguka nyumba zote kumi na moja, kompyuta kwapani. Nilimfuata na waya wa chaji, maana betri ilikufa zamani. Kila nyumba alisema maneno yale yale: "Jina lako huenda limeonekana. Kosa ni langu. Nilifute?" Wanne walisema futa. Akafuta wakiwa wanatazama, akawashukuru. Fadila alitusikiliza mlangoni, amesimama, hakutukaribisha kahawa. Sijawahi kuona hilo katika mji huu.

"Langu liache," alisema. "Lakini kwangu usije tena."

Zumreta akainamisha kichwa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwake Hasija alipoingia. Zumreta hakuinuka. Alibonyeza kitufe, akasubiri mpaka kioo kikawa cheusi kabisa, mgeni anaangalia.

"Unanifungia mimi, jirani?"

"Ndiyo, Hasija. Nakufungia wewe."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Kaa, nikuchemshie kahawa."

Hasija hakukaa. Alivaa viatu vyake taratibu, kama anayesubiri kuitwa, na hakuitwa. Zumreta alisikiliza hatua zake zikishuka ngazi, akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Kisha akaiwasha mashine na kuanza kuandika maelezo ya nane, juu ya yale saba yaliyobaki, ya mwanamke wa idara ya kukata ngozi aliyempigia simu asubuhi ile bila kuombwa.