Upande wa Vifundo

Kwenye kundi la simu la wafumaji, watu mia nne na ushee, hakuna aliyejua jina lake la kuzaliwa. Walimwita Mwalimu Fumua, na jina alilitafuta mwenyewe. Ukituma picha ya sweta lako ukauliza mbona bega moja limepanda, yeye hana salamu ndefu. Ataikuza picha kwa vidole viwili, atahesabu vitanzi kimoja kimoja, kisha atakuandikia: "Safu ya kumi na nne umeruka kitanzi. Fumua." Ukilalamika kwamba jamani, mimi nimeshafika safu ya tisini, atakwambia, "Ndiyo maana nasema leo. Kesho utakuwa umefika mia."

Watu wazima walinuna kwa neno hilo. Lakini walifumua, na sweta zikakaa sawa, na kesho yake wakarudi na maswali mengine. Alikuwa na sheria zake mbili, alizozirudia mpaka watu wakazikariri. Ya kwanza: uzi ukiisha katikati usiufunge fundo kivivu, acha mkia, uufiche kwa sindano, kwani fundo ni uvivu uliopewa makazi. Ya pili: kushoto ni kwa mvaaji, si kwa mfumaji. Sweta likiwa limelala mbele yako, mkono ulio upande wako wa kushoto ni wa kulia kwa atakayelivaa. Hilo la pili limewaponza wengi, na yeye hakuwa na huruma nao.

Aliyekosolewa kuliko wote alikuwa muuza nyama mmoja, wenyewe walimwita Bucha. Mkewe alijifungua mapacha, naye akaapa watoto wake hawatavaa sweta za dukani. Sweta lake la kwanza aliliunganisha ndani nje, mishono yote imetokeza kama mbavu. Alipoambiwa afumue akajitetea: "Mwalimu, mapacha hawajui nje wala ndani, wanachojua ni joto." Kundi zima lilicheka siku mbili. Mwalimu hakucheka. Aliandika, "Fumua, Bucha," akaendelea na shughuli zake.

Shughuli zenyewe sasa. Usidhani ni mama aliyekaa sebuleni na paka miguuni. Alikuwa mpiga pasi kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya mahoteli. Alisimama tangu asubuhi mpaka saa kumi, mvuke unampiga usoni, shuka linatoka lingine linaingia, na miguu ikimvimba mpaka viatu vinamgomea. Akitoka hapo anapitia sokoni, anafika nyumbani anapika, anafua vya kwao, anampanga mumewe dawa kwenye kisahani. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja unaoisha ukilala; huu ulikuwa umehamia kabisa, na virago vyake.

Mumewe alikuwa fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Figo zilikuwa zimemsusa mwaka wa pili sasa. Kila Jumanne na Ijumaa alitakiwa hospitali, saa nane mchana, alazwe kwenye kiti kirefu, mashine imsafishe damu kwa saa nne. Mkono wake wa kushoto ndio madaktari walioutengenezea mshipa wa sindano. Na kile chumba, ee Mungu wangu, kile chumba kilikuwa baridi! Viyoyozi vilivuma mfululizo, kwa ajili ya mashine, walisema. Blanketi alipewa, lakini mkono wa sindano sharti ubaki wazi muuguzi auone. Shati lake linakunjwa mpaka begani, blanketi linateleza, na baridi inampanda kutoka mkononi mpaka kwenye meno.

Jumanne iliyopita asubuhi aligoma, mkewe hajatoka kwenda kazini.

"Siendi," alisema, amekaa kitandani na soksi moja.

"Baba, usinifanyie hivyo."

"Nivuliwe nguo nigandishwe saa nne, halafu niambiwe natibiwa? Siendi mpaka nipate kitu cha kunifunika."

Alibembeleza, akafoka, akalia kidogo. Wapi! Mzee alikuwa ameshavua ile soksi moja. Jioni muuguzi akapiga simu, akasema na mke kwa sauti ya chini: "Mama, maji yanajaa mwilini. Akikosa na Ijumaa, yataingia kwenye mapafu. Sikutishi, ila Ijumaa asikose." Jumatano uso wa mzee ulikuwa umeumuka, na viatu havikuingia tena. Alivaa ndala na kujifanya ni kwa sababu ya joto.

Kitu cha kumfunika kilikuwepo, ila hakijaisha. Kwa miezi miwili Mwalimu alikuwa anafuma sweta la kijivu, zito, shingo ya mbele imeshuka vizuri maana mzee hapendi kubanwa koo. Siri yake ilikuwa kwenye mikono. Mmoja ulikuwa wa kawaida. Wa pili aliuacha wazi kutoka juu ya kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono, wa kufungwa kwa vifungo sita. Muuguzi angefungua vifungo viwili tu, sindano ipite, na sehemu nyingine yote ibaki na joto lake. Hakuna aliyemfundisha. Alilitoa kichwani mwake akiwa anapiga pasi.

Alilifumia popote alipopata pa kuegemea: kituoni akisubiri gari, kazini wakati wa chai, hospitalini akitoka kazini, pembeni ya kile kiti. Mara nyingi alisinzia sindano zikiwa mkononi, akishtuka anakuta ameshafuma nusu safu na hakumbuki. Uzi alinunua vidonge vidogo vidogo, vikawa vinaisha ovyo ovyo. Tangu Jumanne alifuma kama anayefukuzwa. Aliokota vitanzi begani, akashuka navyo mkono mmoja, akaokota na begani pa pili, akashuka tena. Ijumaa aliomba ruhusa kazini, na saa nne asubuhi akafunga kitanzi cha mwisho. Bado vifungo tu. Akamwita mumewe alijaribu kwanza.

Mzee akaingiza kichwa, akaingiza mikono. Likamkaa. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule wa sindano.

Ulikuwa umefunikwa wote, mzima mzima. Wa kulia ndio ulioning'inia wazi.

Mwalimu Fumua alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni pale pale. Kushoto ni kwa mvaaji, si kwa mfumaji. Maneno yake mwenyewe! Alikuwa amelilaza sweta mbele yake na uchovu wake, akaokota upande wake wa kushoto, akaona kushoto ni kushoto. Kinyozi hajinyoi, wamesema wenyewe, lakini huyu alikuwa amejikata sikio.

"Litengeneze," mzee alisema.

"Halitengenezeki, Baba. Sijaishona hiyo mikono, imeota kutoka begani. Ni kufumua yote miwili. Siku tatu nzima."

Mzee akalitazama sweta, akamtazama mkewe. Alilivua taratibu, akalikunja vizuri, akaliweka kitandani. "Basi wiki ijayo," alisema, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomwogopesha mkewe kuliko ule ubishi wa Jumanne. Pumzi yake ilikuwa inakoroma kidogo kifuani.

Saa nne na nusu. Mwalimu akachukua simu. Kwa miaka minne kwenye lile kundi hakuwahi kuuliza swali. Alikuwa mtu wa kujibu. Alijua watakachosema, tena kwa mdomo wake mwenyewe, na aibu ilimshika mpaka masikio yakapata moto. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa palikuwa na maradhi kweli na kifo kweli, si methali. Akapiga picha, akaandika: "Nimekosea kushoto na kulia. Anayelivaa ni mgonjwa, mkono wa sindano ni wa kushoto, anatakiwa hospitali saa nane leo. Siwezi kufumua. Nisaidieni."

Unaweza kuamini? Watu mia nne na ushee, wote wakaikuza picha kwa vidole viwili. Kisha wakaanza. Mmoja akasema pole. Wa pili akasema alivae nyuma mbele. Mzee akajaribu, shingo ikamkaba, akalivua anakohoa. Wa tatu akasema kata kwa mkasi, na wenzake wakamrukia kama ameingia msibani na tarumbeta.

Ndipo Bucha akaandika. Inaelekea alikuwa kazini, maana aliandika kwa vipande vipande.

"Mwalimu shikamoo."

"Ligeuze ndani nje."

"Mkono wa kulia utahamia kushoto. Mimi nilijifunza kwa sweta la pacha. Vifungo shona upande huo huo wa ndani, ndio utakuwa nje."

"Usifumue."

Mwalimu aliisoma mara mbili. Akalichukua sweta, akaingiza mkono kwenye pindo, akalivuta lote likapinduka, akaliinua mbele ya mwili wa mumewe. Ulio wazi ulikuwa umehamia kushoto. Ulikaa pale kama ndiko ulikozaliwa. Angeweza kucheka, laiti asingeona kilichokuja pamoja nao.

Vifundo. Kumbe sweta zima, upande wa ndani, lilijaa vifundo. Kila kidonge cha uzi kilipoisha na mwanamke amechoka hoi, hakuacha mkia, hakuuficha kwa sindano. Alifunga fundo, akasema nitalishughulikia baadaye, akaendelea. Mgongoni, kifuani, kwenye mbavu. Yeye, wa fundo ni uvivu! Na sasa ndio mumewe avae vile, atoke navyo barabarani, akakae navyo mbele ya wauguzi.

"Baba, hili litakuaibisha."

"Leta," mzee alisema.

Mwalimu akashona vifungo sita. Saa saba wakatoka, mzee kwenye ndala na sweta lake la ndani nje, na jirani mmoja alipotaka kumwambia umekosea kuvaa, mzee akamjibu, "Nimekosea mimi, au umekosea wewe kuangalia?"

Hospitalini muuguzi alifungua vifungo viwili, akaona mshipa, akachoma sindano, akafunga kimoja. Alishangaa kidogo, akaomba apewe maelekezo ya kufuma, ana wagonjwa wengine kumi na wawili wanaotetemeka. Mashine ikaanza. Mzee alikaa anasubiri baridi impande kama kawaida. Ilipita robo saa. Meno yake yalitulia.

Mkono wake wa kulia, ulio huru, ukaanza kutembea juu ya kifua, ukipapasa.

"Hiki ulikifunga wapi?"

"Kipi?"

"Hiki kifundo."

Mkewe akainama kutazama. "Kituoni. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Na hiki?"

"Kazini. Chooni, kama unataka kujua. Msimamizi hapendi tufume."

Mzee akatabasamu kwa upande mmoja. Akaenda kingine, na kingine. Hiki sokoni. Hiki siku simu ya binti yao haikupatikana. Hivi viwili vya ubavuni alivifunga hapo hapo, kwenye hiki kiti cha plastiki, yeye mzee amelala na mashine inazunguka. Alivifikia vyote alivyoweza kuvifikia.

"Ishirini na sita," alisema. "Ungeniambia umechoka."

"Ungeniuliza."

Mzee akanyoosha ule mkono huru na kufungua kiganja. "Lete simu. Inalia lia tangu tulipokuja. Nikushikie, wewe egemea hapo."

Alitaka kukataa. Alikuwa na dobi la kesho la kuwaza, na chakula cha jioni, na maswali ya watu. Akaegemeza kichwa kwenye mkono wa kiti, kwa dakika moja tu, ndivyo alivyosema.

Alipoamka mashine ilikuwa imezimwa na muuguzi anabandika pamba. Alikuwa amelala saa tatu na nusu! Shingo ilimuuma, mate yamemtoka, na blanketi la hospitali liko mabegani mwake, lile la mumewe. Simu ilikuwa juu ya paja la mzee. Akaichukua, akasoma kutoka juu.

Mgeni mmoja wa kundi alikuwa ametuma picha ya sweta la njano: "Mwalimu, nimekosea safu ya ishirini na nimeshachoka. Nifumue?"

Chini yake kulikuwa na jibu, kutoka kwenye simu yake mwenyewe, lililoandikwa kwa kidole kimoja kisichojua simu:

"mwalimu amelala. mimi ndiye mwenye sweta. na wewe kalale kwanza"

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu. Watu mia nne na ushee, saa tatu nzima, kimya. Mwalimu aliikuza ile picha ya sweta la njano kwa vidole viwili kwa mazoea. Kosa lilikuwa safu ya kumi na tisa, wala si ya ishirini. Akaizima simu, akaitia mkobani.

Mzee alikuwa anafunga vifungo mwenyewe, kwa mkono mmoja, polepole.

"Dada," akamwambia muuguzi, "Jumanne ni saa nane ile ile?"

"Ile ile, mzee."

"Haya. Mama, kitu hiki usikigeuze tena."